Namba Iliyokataa Nane

Machi 3

Mvua imeanza rasmi, na mvua ikianza, mwandika mabango huwa mtu wa kukaa kibarazani kutazama magari. Rangi haishiki kwenye ukuta wenye maji. Dada yangu, ambaye bado ananilea ingawa nina miaka hamsini na mbili, amesema nikiendelea kumzibia mlango wa jikoni atanipa vitunguu nimenye. Ndiyo maana naandika. Mkono wangu ukikaa siku mbili bila kuandika kitu unaanza kuwasha.

Kwa yeyote atakayesoma haya bila ruhusa (Dada, nasema na wewe): mimi ndiye Fundi Nane. Jina nililopewa na wazazi lilishasahaulika mtaani. Wananiita Nane kwa sababu hakuna anayeandika nane kama yangu: kichwa kidogo, kiuno chembamba, tumbo limetulia chini, na yote kwa mpigo mmoja wa brashi bila kuinua mkono. Mwenye duka la vioo alitaka kuhamia nyumba namba themanini na nane kwa ajili yangu. Simlaumu.

Machi 4

Mvua. Nimemenya vitunguu.

Machi 6

Leo amekuja dukani kwangu Mwalimu wa hesabu wa ile shule iliyo ng'ambo ya barabara. Namjua kwa kumwona tu: miwani imefungwa kamba, mkono wa gauni una chaki, na hutembea kama mtu anayejibizana na nafsi yake na anashinda. Amekung'uta mwavuli mlangoni, akanipa kipande cha karatasi.

"Nataka uniandikie namba hii kwenye ukuta wa shule, ule unaotazama barabara. Kubwa, isomeke hata na aliye kwenye gari."

Nikasoma: 73939133.

"Simu ya nani hii, Mwalimu?"

"Si simu. Ni namba tu."

"Namba ya nini?"

"Ya yenyewe."

Nikaitazama tena kwa jicho la kazi. Tatu nyingi mno. Tisa mbili. "Haina nane," nikasema.

"Haina."

"Haiwezi kubadilishwa kidogo?"

Akaniangalia juu ya miwani, akavuta kigoda akaketi. Ikabidi nisikilize. Akasema hii ni namba tasa, yaani haigawanyiki sawasawa kwa namba yoyote isipokuwa moja na yenyewe. Ukiigawa kwa mbili, kwa tatu, kwa saba, kwa chochote utakachoweza kufikiria, lazima kitu kibaki.

"Tasa!" nikasema. "Maskini, imekosa nini mpaka ikaitwa hivyo?"

Akacheka. Hucheka akiwa amefunga mdomo, mabega ndiyo yanayocheka. "Ni jina tu, Fundi. Waliolitoa hawakuiuliza."

Amesema anataka wanafunzi waipite kila siku mpaka wenyewe waanze kuiuliza maswali. Mkuu wa shule alitaka ukuta huo uandikwe USAFI NI TABIA, na amekubali namba kwa shingo upande. Nimemwambia Mwalimu kazi itakuwa tayari kabla ya mkusanyiko wa Jumatatu.

Baada ya kuondoka nikagundua nimempa kigoda kilichokuwa na rangi mbichi. Hakusema kitu.

Machi 8

Mvua imepumzika tangu asubuhi nami nimeingia kazini. Plasta ya ukuta ilikuwa bado ina ubichi. Nilipaswa kungoja, lakini nilikwisha toa ahadi. Tena kwenye pembe ya kulia kuna mfereji wa paa uliovunjika, unaomwaga maji yote ukutani. Nilimwambia mlinzi, akasema amewaambia, nao wakasema wamesikia.

Kazi imetoka safi. Nilipima nafasi nane zilizo sawa. Lakini moja ni tarakimu nyembamba. Ukiipa nafasi kamili inabaki imesimama peke yake kama mgeni asiyejulikana, kwa hiyo nikazisogeza zile tatu mbili za mwisho ziikaribie. Nilipomaliza, pembe ya kulia likabaki pengo. Nikashuka, nikavuka barabara, nikalitazama. Nikafumba jicho moja. Pengo halikuondoka.

Lilikuwa pengo la upana wa nane, si zaidi wala pungufu.

Rangi ya chini, ile inayoshikisha maandishi, ilikuwa imeniishia, nikaiandika nane hiyo juu ya plasta tupu. Nane bora kuliko zote nilizowahi kuandika. Kinyozi, jirani yangu wa mlango wa pili, ametoka na mteja mwenye povu kidevuni kuja kuishangilia.

Machi 10

Sitaki kuandika ya leo lakini mkono unawasha.

Asubuhi nimevaa shati safi, nikasimama karibu na geti la shule kungoja sifa. Wanafunzi wote wamepangwa mistari wakiutazama ukuta. Mkuu wa shule kando, mikono nyuma, tai imenyooka kama rula. Mwalimu amesimama mbele yao akiupa ukuta mgongo, anasema kwa sauti nzuri, ya furaha: "Namba mnayoiona nyuma yangu haigawanyiki kwa mbili, haigawanyiki kwa tatu, haigawanyiki kwa namba yoyote ile..."

Msichana mmoja akasema kutoka nyuma, bila ubaya wowote, "Mwalimu, mbona inaishia na nane? Si inagawanyika kwa mbili?"

Mwalimu akageuka.

Sijawahi kuona mgongo wa mtu ukisononeka. Leo nimeona. Shule nzima ikaangua kicheko, na Mkuu akakohoa kile kikohozi cha mtu aliyekwisha andaa chokaa. Nikarudi dukani, nikajifungia, nikaanza kuosha brashi zilizokuwa safi.

Amekuja saa nne. Hakuketi.

"Fundi, nane imetoka wapi?"

"Kulikuwa na pengo, Mwalimu."

"Pengo."

"Moja ni nyembamba. Ukutani likabaki pengo, na pengo kwenye bango ni aibu kwa fundi. Nikaona niongeze..."

"Nilikuamini kiasi cha kuupa ukuta mgongo," akasema. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Kisha akanieleza, maana hata akiwa na hasira anafundisha. Kwamba namba ile haikuokotwa tu. Ukiiongezea tarakimu yoyote mwishoni, kuanzia sifuri mpaka tisa, inaharibika papo hapo. Hakuna hata moja inayoikubali.

"Hata nane?"

"Nane ndiyo ya kwanza kuikataa! Ni shufwa, Fundi! Mtoto wa chekechea anaiona!"

Mkuu amempa mpaka mwisho wa masika. Namba ikikutwa na kosa, chokaa itapita na USAFI utaandikwa, na fundi wa kuuandika hatakuwa mimi. Nikasema nitaifuta nane mara tu ukuta utakapokauka. Akasema niape. Nikauliza niape nini. "Kwamba hutaongeza tarakimu kwenye ukuta ule tena, maishani mwako." Nikaweka mkono juu ya kopo la rangi nyeusi, nikaapa. Si utani, nimeapa kwa dhati. Sijapata kujisikia mdogo namna ile tangu Dada aache kunichapa.

Machi 11

Mvua.

Machi 12

Mvua. Kinyozi anasema watu wameanza kuipigia simu ile namba. Mteja wake mmoja amejibiwa kuwa haipatikani. Amelalamika kwamba haipatikani kabisa, asubuhi na jioni.

Machi 14

Nane imeanguka!

Usiku maji ya ule mfereji yameingia nyuma ya plasta na asubuhi nane yote ilikuwa chini, vipande vipande, kiuno huku tumbo kule. Kazi yangu bora maishani, na nimefurahi kama mtu aliyeng'olewa jino. Mwalimu amevuka barabara na mwavuli wake. Tumesimama pamoja kutazama ukuta uliobaki: 73939133.

"Mvua inajua hesabu kuliko wewe," akasema.

Mabega yalikuwa yanacheka. Nimemletea kigoda, kikavu. Amekunywa chai.

Machi 19

Mvua. Mwalimu amekuja kujikinga. Nyumba anayoishi iko karibu na shule kuliko duka langu, lakini sikumkumbusha.

Machi 22

Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walisema, na hawakuona mfereji wa shule ile. Leo asubuhi tatu ya mwisho nayo iko chini. Nimeona kutoka dukani: 7393913.

Ikiwa kuongeza tarakimu moja kuliiua, kuondoa moja si ndiyo kuizika? Sikungoja mvua ikatike. Nimebeba ngazi, kopo na brashi, nikavuka barabara, nikapanda. Rangi ikawa inatiririka kwenye kwapa. Kisha ngazi ikateleza kwenye tope, nikashuka bila kutumia vipago, nikakaa kitako kwenye dimbwi mbele ya madirisha matatu ya darasa. Nimeshangiliwa.

Mwalimu ametoka na mwavuli. "Fundi, unafanya nini?"

"Naiokoa! Siongezi kitu, narudisha tu!"

"Inuka. Haihitaji kuokolewa. Hiyo iliyobaki ni tasa pia."

"Bila tatu yake?"

"Bila tatu yake."

Sikuamini. Mkuu hakuamini pia. Alikuwa amekwisha fika na ndoo ya chokaa mkononi. Mwalimu akamwambia, "Mkuu, igawe wewe mwenyewe. Ikigawanyika, paka chokaa." Kisha akasema hana haja ya kujaribu namba zote. Ajaribu zile tasa peke yake, na akifika kwenye namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inaipita hii, aache. Kama hakuna iliyoingia mpaka hapo, hakuna itakayoingia.

Mkuu ameingia ofisini na kikokotoo chake.

Machi 24

Mkuu hajatoka ofisini, anasema mlinzi. Amegawa kazi kwa madarasa yote, kila darasa fungu lake la namba za kujaribu. Shule nzima kimya, wanagawanya.

Machi 25

Imebaki tasa. Mkuu amerudisha ndoo stoo yeye mwenyewe.

Aprili 5

Tatu nyingine chini. 739391. Safari hii nilikaa tu mlangoni nikingoja. Saa tano madirisha ya shule yote yakalipuka kelele. Imebaki tasa! Hata Kinyozi amepiga makofi akiwa ameshika wembe, na mteja akamwomba asifurahi sana.

Kuna jambo nimeona. Mkuu, ambaye nilidhani ni chuma kitupu, amesimama peke yake mbele ya ukuta baada ya watoto kuondoka, akaigusa ile moja kwa kidole, kidogo tu, kama mtu anayemgusa mgonjwa kuona kama ana homa.

Aprili 7

Dada ametoka sokoni na habari. Mwalimu anahama. Alikwisha omba uhamisho kabla ya mvua, na muhula ukiisha anakwenda.

"Kwani wewe inakuhusu nini?" akaniuliza, akijifanya anapanga nyanya.

Nikasema hainihusu.

"Hainihusu, hainihusu. Wewe maisha yako yote unangoja rangi ikauke. Utakuja kuzeeka umeshika brashi, mdogo wangu, na ukuta wenyewe wameuza."

Sijala.

Aprili 9

Naandika haya masikio yangu bado ya moto.

Mwalimu amekuja saa tisa kujikinga. Mvua ilikuwa inapiga bati kama inadai kodi. Nilikuwa nimepanga maneno tangu juzi, maneno mazuri, yenye nafasi sawa. Nikasema. Akaweka mkono sikioni. Nikarudia kwa sauti zaidi. Akatikisa kichwa, akaonyesha bati. Basi nikavuta pumzi, nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote:

"NASEMA, USIONDOKE! UKAE HAPA, TUOANE!"

Na mvua, wallahi, ikakatika palepale. Ilikatika kati ya "hapa" na "tuoane."

Mkasi wa Kinyozi ukanyamaza. Mtaa wote ukanyamaza. Kuna baiskeli ilisimama.

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni. Hakucheka, wala hakukasirika. Niliona kama ameogopa kidogo, na sikumtegemea kuogopa kitu. Aliwahi kuolewa zamani, ikaisha, ndilo neno pekee alilowahi kuniambia juu ya hilo. Kisha akasimama, akachukua mwavuli.

"Fundi," akasema, "swali hilo niulize tena siku namba iliyo ukutani itakapoacha kuwa tasa. Siku hiyo nitakujibu. Kabla ya hapo usiniulize."

Alipofika barabarani Kinyozi akatoa kichwa dirishani. "Nane! Hiyo si hapana!"

Si hapana. Nimelala ndani yake kama blanketi.

Aprili 10

Maisha yangu yote nimeomba mvua ikatike. Leo nimeomba inyeshe. Imebaki 739391. Imepona mara mbili, ya tatu haitapona. Kila bahati ina mwisho wake.

Aprili 11

Jua kali. Nimekasirika.

Aprili 14

Moja imeanguka. 73939. Nimevaa shati safi.

Tasa.

Nimevua shati.

Aprili 23

Tisa imeanguka, imebaki 7393, na leo sikungoja watoto. Nimechukua ubao wa bango la zamani na chaki, nikaigawa mwenyewe. Kinyozi na wateja wake wamekaa juu ya makopo wakitazama kama mpira. Kwa kila namba wanashika vichwa. Saba, imebaki kitu. Kumi na moja, imebaki kitu. Kumi na tatu, vilevile. Nimekwenda mpaka themanini na tatu, kwa sababu zaidi ya hapo hakuna haja, na nilipofika themanini na tatu nilichukua chaki mpya. Ikaingia mara themanini na tisa. Ikabaki sita.

"Sita!" Kinyozi akalia. "Sita tu! Si uzisamehe?"

Hesabu haisamehi. Lakini nitasema kweli, na Dada kama unasoma, usinitanie: huku nikiumia, kuna kitu kilinipendeza. Nimezijaribu zote kwa mkono wangu na hakuna iliyoingia. Namba ile ilisimama. Nimeandika mabango miaka thelathini nikidhani namba ni umbo tu. Kumbe ndani kuna mtu.

Mwalimu alipita jioni, akaona ubao wangu. Akasoma mistari yote, kimya, kidole kikifuata hesabu. "Safi," akasema. Akasahihisha moja. Aliporudi barabarani alisimama akautazama ukuta kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma tarakimu nne.

Mei 2

739. Tasa. Nilijua kwa dakika mbili, sasa nina mkono mwepesi.

Mei 8

Tisa imeanguka. 73. Hata ubao sikuutoa.

Mei 9

Leo nimejua nilivyo mjinga.

Nilimkuta Mkuu mbele ya ukuta. Siku hizi huja kila asubuhi na mwavuli kuiangalia, na ameuzuia mfereji usitengenezwe, eti "tusiingilie." Nikamwambia, "Mkuu, hii nayo itaharibika lini?"

Akanitazama kwa huruma. "Kwani Fundi hukuambiwa? Huo ndio uzuri wake! Ukiimega kutoka mwisho, tarakimu moja moja, kila inayobaki ni tasa, mpaka ile saba ya kwanza. Na hakuna ndefu kuliko hii yenye tabia hiyo. Mimi mwenyewe Mwalimu alinieleza mwezi wa nne. Sikulala."

Nikamshukuru. Nikarudi dukani, nikafunga mlango.

Kwa hiyo alijua. Siku ile aliponiambia nimngojee mpaka namba iharibike, alijua haiharibiki. Alinipa siku isiyokuwepo kwenye kalenda. Ndiyo hapana ya mtu mwenye adabu, na mimi nimekaa mwezi mzima nikiiombea mvua, na kuvaa shati.

Kinyozi akagonga mpaka nikafungua. Nikamweleza. Akafikiri, akaruka kutoka kwenye kopo alilokalia. "Sasa wewe una shida gani? Si uongeze tarakimu? Nenda pale, kaandike nane yako baada ya ile tatu, namba iharibike, umuulize! Brashi unayo, ngazi unayo!"

"Nimeapa."

"Kwa nani? Kwa kopo?"

"Kwake. Alisema nisiongeze tarakimu kwenye ukuta ule maishani mwangu, nikakubali. Nilimwaibisha mara moja kwa nane hiyohiyo. Simpati kwa kumvunjia neno."

Kinyozi akasema mapenzi na ujinga vinanyolewa kwa wembe mmoja, akaenda zake.

Nilipomweleza Dada, nilidhani atanicheka. Akakausha mikono, akaketi karibu nami, jambo ambalo hafanyi. "Mwanamke akitaka kukataa, mdogo wangu, anakataa. Hakupi hesabu ya mwezi mzima."

Lakini Dada ni dada.

Mei 12

Mvua. Mwalimu hakuja. Mimi pia sikukaa kibarazani.

Mei 16

Manyunyu tu. Nimeandika bango la duka la vioo. Nane zimetoka zimesinyaa. Mwenye duka ameuliza kama naumwa.

Mei 20

Tatu ya mwisho imeanguka. Imebaki 7 peke yake mwanzoni mwa ukuta mrefu mtupu. Wanafunzi wameipigia makofi. Nimeiandika mimi saba ile na imesimama kuliko zote. Nilivuka, nikaiambia kwa sauti ndogo kwamba sina kinyongo nayo.

Mei 27

Masika yamekwisha, nadhani. Muhula unaisha Ijumaa. Dada amesema ameona masanduku kwenye baraza ya Mwalimu. Nimeuliza mangapi. Akasema hakuhesabu, sasa kila mtu hapa anataka kuhesabu.

Mei 30

Nitaandika polepole nisije nikaruka kitu.

Asubuhi, jua. Nafungua duka, ngazi yangu haipo. Kopo la rangi nyeusi halipo, na brashi namba kumi na mbili, ile ninayoipenda, haipo. Nikamwita Kinyozi mwizi kabla hata sijamsalimu.

"Mimi nimefungua mlango tu, kwa ule ufunguo wako wa akiba," akasema. "Mwenyewe ndiye aliyebeba." Na akanionyesha kwa wembe ng'ambo ya barabara.

Mwalimu alikuwa juu ya ngazi yangu. Viatu chini, miwani inaning'inia, rangi imefika kwenye kiwiko. Alikuwa anaandika pembeni ya saba. Ameinua mkono katikati ya mpigo, akaurudisha, akainua tena, mambo ambayo mwanagenzi angefukuziwa kazi. Duara moja juu, duara jingine chini, hayakukutana vizuri. La juu lilikuwa kubwa kuliko la chini. Ilikuwa nane mbaya kuliko zote nilizopata kuona, nami nikaacha duka wazi.

Mkuu alitoka mbio, tai begani. "Mwalimu! Mwalimu, unafanya nini? Umeiharibu! Imekaa masika yote, imebaki leo tu muhula uishe!"

"Samahani, Mkuu," akasema bila kugeuka, "nina haraka."

Nilivuka barabara. Kuna gari lilinipigia honi, nadhani. Akanitazama kutoka juu.

"Soma, Fundi."

"Sabini na nane."

"Ni tasa?"

"Hapana, Mwalimu. Inagawanyika kwa mbili."

"Una uhakika?"

"Hata mtoto wa chekechea anaiona."

Akashuka vipago viwili, tukawa uso kwa uso. Alikuwa na rangi kwenye pua. "Kinyozi amenieleza jana ulichokataa kufanya," akasema. "Mimi kiapo chenyewe nilikuwa nimekisahau. Nilikupa sharti lisilowezekana, Fundi, na nilikusudia. Nilidhani nimejikinga. Halafu nikajikuta kila asubuhi nawahi dirishani kuona kama namba imeharibika. Mimi! Ninayejua vizuri kuliko mtu yeyote kwamba haiwezi. Nimefundisha hesabu miaka ishirini, na nilikuwa nasimama pale nikiomba hesabu ikosee."

Maneno yangu yote yenye nafasi sawa yalikuwa yamekimbia.

"Sasa mbona huulizi?" akasema. "Hakuna mvua. Nasikia vizuri."

Nikauliza. Kwa sauti ndogo, mara moja.

Akajibu.

Kinyozi anasema hakusikia na ametaka nirudie yote kibarazani. Mkuu amesikia, kwa sababu alikuwa ameshika ngazi, na amesahau kwa muda kuwa ana huzuni. Amesema ataacha ukuta hivyo mpaka muhula ujao, na kwamba barua ya uhamisho atairudisha yeye mwenyewe, kwa miguu.

Nilipokuwa nambebea Mwalimu kopo nikamwambia, kwa heshima zote, kwamba nane yake ni mbaya sana.

"Najua," akasema. "Nifundishe."

Mei 31

Jua. Dada ametupikia chai akatuachia kibaraza bila kuombwa. Mwalimu amefanya mazoezi ya nane ubao mzima, na hakuna hata moja iliyosimama. Anainua mkono katikati. Nimemshika mkono tukaandika moja pamoja, mpigo mmoja, bila kuinua.

Ina kasoro kidogo kwenye kiuno. Sitaigusa.